Hatua Sitini kwa Siku

1

Hatua sitini. Ndizo alizopewa Mbuke Lusinge kila asubuhi, na aliyezipanga hakuwahi kukalia kile kiti hata kwa muda wa kumeza chai.

Kila amri ilikuwa hatua moja. Ukiandika nenda, moja. Ukiandika futa, moja. Ukikosea herufi, moja vilevile, na mashine haikwambii kwamba umekosea. Inakuacha palepale ulipokuwa, kimya, kama mtu uliyemsalimia akaangalia pembeni. Zikiisha sitini, skrini nyeusi inazimika na siku yako imekwisha, uwe umemaliza kazi au hukumaliza. Wakubwa walisema mashine za Ghala, nyumba ya kumbukumbu za watu wote, zinachemka, kuzipoza kunakula maji, na maji ni ya wananchi. Sawa. Mbuke alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alimkumbuka vizuri aliyesema maneno hayo, siku aliyoyasema, na mpira uliokuwa ukimwagilia nyasi za ofisi nyuma ya mgongo wake.

Alikumbuka na mengine yaliyochukuliwa. Zamani skrini iliandika pembeni jina la folda uliyomo. Ikaondolewa, ikaitwa pambo. Zamani ukianza herufi tatu mashine inakumalizia jina. Ikaondolewa, ikasemwa inalea uvivu. Kulikuwa na amri ya kutafuta. Hiyo walibaki nayo wakubwa, ghorofa ya juu, kwenye skrini zao za rangi zinazozungumza kwa sauti ya msichana aliyelala vizuri. Watu wa skrini nyeusi, huko chini kwenye joto, wakaachiwa vichwa vyao.

Basi kichwa cha Mbuke kikawa Ghala la pili. Mgeni wa kazi akitaka kufika folda ya kijiji alishuka ngazi kwa ngazi: nenda watu, nenda bonde, nenda mashariki, na kadhalika, akifika hatua nne zimeliwa. Mbuke aliandika njia nzima kwa pumzi moja, kuanzia mzizi hadi kijiji, akatua. Hatua moja. Alikuwa na njia zaidi ya mia tisa, alizozikariri akichambua mchicha, akifua, akiwa kanisani wakati wa matangazo. Na akitaka kurejea folda aliyotoka, hakuandika njia tena. Aliandika rudi, basi, mashine ikamrudisha nyuma kwenye folda ya mwisho aliyokuwamo.

Ilikuwapo pia amri ya nipo. Ukiiandika, mashine inakujibu uko folda gani. Amri ya unyenyekevu, isiyomdhuru mtu. Lakini nayo ilikula hatua, na kila mwisho wa mwezi Meneja alibandika ukutani orodha ya walioiandika sana, chini ya kichwa cha habari: WAPOTEZAJI. Watu wakaacha kuuliza walipo.

Nje ya Ghala, mambo haya hayakuwa michezo ya vidole. Mtu aliweka kiganja kwenye bomba, bomba likaliuliza Ghala, Ghala likatazama folda yake. Folda ikifunguka, maji yanatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa zahanati, kwa shule, kwa kiwanja cha kuzikwa. Asiye na folda bomba halikumtukana wala halikumfukuza. Lilimwambia tu, "Hakuna mtu hapa," likanyamaza.

2

Jumatatu hiyo, saa tano kasoro, Meneja Evarist alishuka mwenyewe kwenye chumba cha chini. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano, shati limenyooka, karatasi mkononi. Meneja haji chini kwa heri.

"Shikamoo, Mama Lusinge."

"Marahaba. Joto la huku litakuharibia shati, Meneja."

Alicheka kidogo, kicheko cha kazini. "Umesikia ya Nyasalya?"

Mbuke alitoa mikono kwenye kibodi. Nyasalya ni kijiji alichozaliwa. Mama yake alizikwa huko.

"Mabomba yao yamekataa tangu Ijumaa jioni," Meneja akasema. "Folda ya kijiji imefutwa yote. Watu mia tatu na kumi na wawili."

"Siku tatu? Watoto wanakunywa nini?"

"Kuna kijito."

"Kijito kinachotoka kiwandani?"

Meneja alipekua karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Aliyefuta tumeshampata. Ni mwenzako wa kiti, Shilinde. Hana la kukana, amri aliiandika yeye. Leo saa sita, Ghala likifagiwa, na folda yake inaondoka. Kinachohitajika ni wewe uweke kidole hapa, kwamba Ijumaa ulimwachia kiti kikiwa sawa."

"Na watu wa Nyasalya mnawarudisha lini?"

"Wataalamu wanalitazama."

Hapo ndipo Mbuke alipoelewa, na damu ikampanda mpaka masikioni. Wataalamu walikuwa yeye na Shilinde. Hakukuwa na wengine. Na watu wa mashamba ya maua walikuwa wanalitaka lile bonde kwa miaka miwili, wakaja na mikutano, na kofia, na fulana, na wazee wa Nyasalya wakala pilau yao na kukataa. Sasa bonde lilikuwa halina mtu wa kukataa. Nani angeharakisha kuirekebisha ajali tamu kama hiyo?

"Kidole changu hakina mbio," alisema. "Nimalizie hatua zangu kwanza."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Nne." Meneja aliitazama saa yake. "Basi ukimaliza, panda juu. Na usisumbuke, mama. Wewe ni mfanyakazi wa mfano. Hujawahi kuwa kwenye ile orodha hata mwezi mmoja."

3

Alipobaki peke yake, Mbuke hakugusa kitu. Alikuwa akiikumbuka Ijumaa, na kumbukumbu yake haikuwa ya kupuuza.

Kulikuwa na mtindo wao wa kuachiana kiti. Kufungua kazi upya kulikula hatua tatu: jina, kiganja, kiapo. Kwa hiyo anayetoka hafungi. Anamwachia anayeingia skrini ikiwa wazi na kipande cha karatasi kwenye kibodi, na saa ya zamu ikigonga mashine inaanza kuhesabu hatua za anayeingia. Ijumaa Mbuke alimwandikia Shilinde: "Baba Holo, upo kwenye ripoti. Nyuma yako ni takataka. Rudi, ufute yote. Usile karanga zangu." Ilikuwa kazi ya kila Ijumaa. Shilinde angekaa, angeandika rudi, angetua kwenye folda ya takataka za wiki, angeandika futa yote, akaenda zake na hatua za akiba.

Lakini baada ya kuandika ile karatasi, Mbuke aliona amebakiwa na hatua tatu, mbali na ile moja ya kuiacha skrini wazi. Hatua hazilali, zisipotumika zinakufa. Na Ijumaa ile ilikuwa imemchosha. Akaandika nenda, njia nzima, akatua Nyasalya. Akaandika onyesha, akaitazama picha ya mama yake, mama wa watu amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia avue kilemba. Akacheka peke yake. Kisha akaandika nenda, akarejea kwenye ripoti, kama alivyosema kwenye karatasi.

Upo kwenye ripoti. Hilo lilikuwa kweli. Ila nyuma hapakuwa tena takataka. Folda ya mwisho aliyotoka ilikuwa Nyasalya.

Shilinde akaja akakaa, akaandika rudi, hakuandika nipo, akafuta.

Mbuke alishika meza kwa mikono miwili. Mtu mwingine angelia. Yeye alianza kuhesabu, maana ndivyo walivyomfundisha, laana iwapate.

Kilichofutwa hakifi papo hapo. Kinalala kwenye folda ya kivuli mpaka Jumatatu saa sita, Ghala linapofagiwa. Fagio hilohilo linafagia na nyayo, yaani orodha ya amri zote za wiki, nani kaandika nini na saa ngapi. Sasa ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Alichora kwa kucha kwenye vumbi la meza. Amri ya kwanza: nenda, mpaka ndani ya kivuli cha Nyasalya. Ya pili: nakili vilivyo hapa, virudi mahali pake. Ya tatu: fungua kijiji, kwa sababu folda iliyorudishwa inakaa imefungwa, na bomba haliwezi kusoma folda iliyofungwa. Ya nne: nakili nyayo za Ijumaa, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambao kila mfanyakazi anausoma na Meneja hawezi kuuzima bila kibali cha juu. Kila mtu angeona Mbuke alikopita baada ya kuandika karatasi. Na sheria ya Ghala ilikuwa wazi: kosa la kiti ni la aliyekivuruga. Shilinde angepona. Angeondoka yeye.

Nne kwa nne. Mgeni wa kazi angehitaji kumi na tano. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya jengo lile ambaye angeweza.

Alipumua, akaandika ya kwanza. /kivuli/wiki/watu/bonde/mashariki/nyasalya. Hakuangalia vidole. Akabonyeza.

Skrini ikabaki nyeusi. Tatu.

Akaandika ya pili: nakili hapa, na njia ya kijiji. Kidole kikaenda kwenye kitufe, na hapo kikakataa.

Hapa ni wapi?

Alikuwa na hakika. Lakini Shilinde naye alikuwa na hakika. Kama alikosea herufi moja katika ile njia ndefu, mashine ilikuwa imemwacha palepale alipokuwa asubuhi, kwenye folda ya vipimo vya joto, na haikumwambia. Angenakili vipimo vya joto juu ya watu mia tatu na kumi na wawili. Na folda iliyofutwa inakubali kurudishwa mara moja tu. Na je, aliandika mashariki, au aliandika mashariki akiwa amesahau i, kama alivyofanya mwezi wa tatu? Vidole vilikuwa vimetetemeka.

Jasho lilimdondoka kwenye kibodi. Akaifuta ile amri, herufi moja moja, akaandika neno ambalo hakuwa ameliandika kwa miaka sita.

nipo

Mashine ikajibu mara moja: /kivuli/wiki/watu/bonde/mashariki/nyasalya.

Alikuwa mahali sahihi kabisa. Tangu mwanzo alikuwa mahali sahihi. Na zilibaki mbili.

Akanakili. Moja.

Sasa kijiji kilikuwa mahali pake, kimefungwa, majina yote ndani kama mbegu kwenye kibuyu kilichozibwa. Na hatua ilikuwa moja, na amri zilikuwa mbili, na saa ilikuwa sita kasoro dakika ishirini na tano. Afungue kijiji, nyayo zifagiwe na Shilinde aondoke. Abandike nyayo, Shilinde apone, na kijiji kikae kimefungwa mpaka kesho atakapopewa sitini nyingine. Lakini kesho angepewa na nani? Nyayo zikibandikwa, kesho yeye hayupo, na wa kufungua ni Shilinde, na Shilinde hajui kama kijiji kimerudi, na ghorofani kuna watu wanaoombea kisifunguliwe kamwe.

Siku moja zaidi ya maji ya kiwandani. Mbuke alimkumbuka mtoto wa dada yake huko Nyasalya, mwaka ule wa kuhara. Alikumbuka jeneza lilivyokuwa jepesi.

Alikumbuka na Shilinde, aliyembebea kazi wiki tatu Mbuke alipovunjika mguu, akirudi nyumbani usiku hana hata nguvu ya kumsimulia mwanawe Holo hadithi. Shilinde aliyekula karanga zake kila Ijumaa na kuacha maganda yamepangwa mstari, kama askari, ili amuudhi.

Akaandika fungua. Akabonyeza.

Skrini ikazimika yenyewe, kama kawaida, bila kusema asante.

4

Saa sita na robo, Mbuke alikuwa amesimama mbele ya meza ya Meneja. Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine. Simu ilikuwa imekwisha kupigwa kutoka bondeni. Aliliona hilo usoni mwake.

"Mabomba ya Nyasalya yametoa maji," Meneja alisema. Hakukaa. "Saa sita kasoro. Unajua lolote?"

"Nimeyarudisha mimi. Na Ijumaa kiti nilikivuruga mimi. Nilitoka kwenye ripoti nikaenda kumtazama mama yangu, nikarejea, sikubadilisha karatasi. Kosa si la Shilinde. Andika hivyo, nitaweka vidole vyote kumi."

Meneja akakaa, akaigeuza skrini yake ya rangi ili Mbuke aione, akaiuliza kwa sauti: "Nyayo za Mbuke Lusinge, Ijumaa."

"Samahani," ilisema sauti ya msichana. "Hakuna nyayo za Ijumaa."

"Nyayo za Mbuke Lusinge, leo."

"Samahani. Hakuna nyayo kabla ya saa sita."

"Unaona?" Meneja akasema. "Limeshafagiwa. Kwa mujibu wa Ghala, leo hujafanya kitu. Nyasalya imerudi yenyewe, na mimi nitaulizwa na watu ambao sitaki waniulize, na sina wa kuwaonyesha. Nikiwaambia ni wewe, watasema nithibitishe."

"Nakuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu! Mdomo hauthibitishi?"

"Mdomo ni kelele, mama. Ungekuwa ushahidi, nisingehitaji Ghala."

"Basi mrudisheni Shilinde. Watu wamerudi, kosa halipo tena."

"Kosa lake limeandikwa kwenye hukumu. Hukumu haifagiwi." Alisukuma ile karatasi ya ushahidi pembeni, haikuwa na kazi tena. "Nenda nyumbani. Kunywa maji. Mshukuru Mungu wako kwamba limefagia na zako."

Mbuke alikuwa na maneno. Alikuwa nayo ya miaka ishirini na miwili, yamepangwa kwa tarehe. Alifungua mdomo ayatoe, akaona yule kijana ameshageukia skrini yake na anaiuliza hali ya hewa.

5

Geti la Ghala lilikuwa la chuma, refu kuliko twiga, na mlinzi wake aliitwa Ndalahwa, mtu mpole mwenye bunduki kuukuu. Shilinde alikuwa amekaa chini mbele ya geti, upande wa ndani, koti lake magotini.

"Afadhali umekuja, dada Mbuke," Ndalahwa alisema kwa kunong'ona. "Huyu kaka tangu saa sita anaweka kiganja, geti halimtambui. Halifunguki. Nami siruhusiwi kumtoa mtu ambaye mashine inasema hayumo."

"Wamenifukuza na wamenifungia humohumo," Shilinde akasema. "Serikali ya mapenzi makubwa hii." Alijaribu kutabasamu. "Nasikia Nyasalya wamepata maji."

"Wamepata."

"Ni wewe."

"Ni mimi." Mbuke akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Baba Holo, nisikilize. Na kufutwa pia ni mimi." Akamweleza yote, Ijumaa na picha na zile hatua tatu, kisha za leo, nne, na nyayo ambazo zingemwokoa. Hakujipunguzia. Ndalahwa alijifanya anafuta bunduki.

Shilinde alisikiliza huku akichuna uzi kwenye koti. Mbuke alipomaliza, Shilinde aliuzungusha uzi ule kidoleni.

"Zilikuwa nne kwa nne," alisema.

"Nne kwa nne."

"Ukaandika nipo."

"Vidole vilikuwa vinatetemeka."

"Wewe? Wewe unayeandika njia ya kivuli huku unagombana na mimi kuhusu karanga?" Aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikuulize kitu, na usinijibu haraka. Uliiandika kwa ajili ya watu wa Nyasalya? Au mkono wako ulijua kwamba hatua ya nne inakuua wewe?"

Mbuke alitafuta. Mtu aliyebeba njia mia tisa kichwani alitafuta jibu moja, juu na chini, akarudi mikono mitupu.

"Sijui," alisema.

"Nami sijui." Shilinde alisimama, akajipangusa vumbi. "Mimi ningefungua kijiji, kama wewe. Hilo nakupa. Lakini usiniombe nikusamehe ile nipo. Labda baadaye. Holo ana miaka tisa, na kuanzia leo hata bomba la shule yake litamwuliza baba ni nani."

Mbuke naye alisimama. Akamshika Shilinde mkono, akamsogeza hadi kwenye mstari mwekundu wa geti, yeye akasimama nyuma yake, akapitisha kiganja chake mwenyewe juu ya bega la mwanamume na kukibandika kwenye kioo.

"Kiganja kimoja, mtu mmoja," alionya Ndalahwa, kwa woga. "Dada, litaandika umetoka wewe. Halitakufungulia tena mpaka uingie, na utaingiaje ukiwa umo ndani?"

"Acha liandike."

Kioo kikawaka kijani. Geti likafunguka kiasi cha upana wa mtu. "Safari njema, Mbuke Lusinge," likasema, na Shilinde akatoka kwa jina hilo bila kugeuka. Chuma kikajifunga nyuma yake kwa mlio mdogo tu.

Ndalahwa alivua kofia, akaivaa tena. "Nikufanyeje sasa, dada?"

"Kesho kiti kitakataa kiganja changu, kwa kuwa nimeandikwa nimetoka, watakuja kuniulizia getini. Waambie ulichoona. Waambie na aliyekivuruga kiti Ijumaa ni mimi, si Shilinde. Mwaka ujao wakiuliza, waambie tena."

"Wataniamini?"

"Hapana."

Kati ya vyuma vya geti Mbuke alikuwa akimtazama Shilinde akienda zake kwenye jua, koti begani. Kando ya barabara kulikuwa na bomba la umma, na foleni ya wanawake na ndoo. Mmoja alimsogezea nafasi, kwa kuwa alionekana mtu mwenye kiu. Shilinde akampungia mkono wa asante na kupita bila kupunguza mwendo, kama mtu aliyekwisha kunywa.